Nilikuwa nakusikiliza, mwalimu

(Haya niliyaongea mbele ya walimu tarajali kwenye chuo kimoja cha ualimu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, nimeongezea vitu viwili vitatu nilivyovisahau nikiwa pale mbele.)

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za asubuhi. Naomba niseme mapema kabisa ili tusije tukapotezana: nitakuwa naangalia ile kona ya ukuta pale juu ya feni, sitawaangalia machoni, na mkononi nina hiki kipande cha kamba nitakuwa nakifunga na kukifungua muda wote. Siwadharau na wala siwaogopi. Nikianza kuwaangalia machoni nitazisoma sura zenu moja moja na maneno yangu yataniponyoka, na nimetoka Tanga na basi la alfajiri ili haya maneno yawafikie.

Mimi nina usonji, kwa Kiingereza wanaita autism, yani ubongo wangu unapokea sauti, sura na maneno ya watu kwa namna tofauti na wengi. Nina miaka 31, kazi yangu ni kupima viwanja, na nilikuja kujua kwamba nina usonji nikiwa na miaka 24, yani nimemaliza msingi, nimemaliza sekondari, nimemaliza chuo, miaka yote hiyo nimekaa mbele ya walimu na hakuna aliyejua, na mimi mwenyewe sikujua. Nilichojua ni kwamba kuna kitu wenzangu wote wanakifahamu na mimi sikifahamu, kama vile kuna siku shule nzima ilitangaziwa jambo pale mstarini na siku hiyo mimi sikuja.

Nianze na darasa la nne. Tulikuwa watoto tisini na ushee kwenye chumba kimoja. Mwalimu kaingia, tukasimama, shikamoo mwalimu, marahaba, na mimi nikakaa. Akaniuliza, "Nani kakwambia ukae?" Nikafikiria. Nikakumbuka vizuri kabisa kwamba hakuna aliyeniambia. Nikasema, "Hamna mtu, mwalimu." Darasa likalipuka kwa kicheko. Akasema, "Unanijibu?" Nikasema ndiyo mwalimu, kwasababu si ndo nilikuwa namjibu? Nilichapwa siku ile, na viboko vyenyewe sivikumbuki sana, ninachokikumbuka ni kurudi kukaa na swali moja linazunguka kichwani mpaka jioni: nilitakiwa kusema nini? Nililifanyia kazi lile swali kama hesabu. Ningenyamaza angesema mimi bubu, ningesema mwingine kaniambia ningekuwa nadanganya, na kudanganya nyumbani tulikatazwa. Sikupata jibu. Miaka mingi baadaye ndo nikaja kuelewa kwamba watu wazima wana maswali ambayo siyo maswali, na kwamba wenzangu wote tisini walilijua hilo bila kufundishwa.

Siku nyingine nilikuwa nagonga penseli kwenye dawati, mwalimu mwingine akasema "Endelea, endelea tu utaona." Nikaendelea. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka iliandikwa "Ana akili lakini ana kiburi", na baba aliisoma kwa sauti mbele ya wageni.

Nataka mkae kwenye hilo neno kiburi, kwasababu ndo nililojia hapa. Mwalimu hakuniona mimi, aliona sura isiyobadilika, sauti iliyonyooka, majibu mafupi, akayajumlisha, jumla ikaja kiburi. Ndani yangu hakukuwa na kiburi hata tone. Kulikuwa na mtoto anayejitahidi kwa nguvu zake zote kufanya kilichosemwa, neno kwa neno.

Na hapa kwetu kuna jambo la macho ambalo vitabu vya nje havilijui. Vitabu vinasema mtoto mwenye usonji hakuangalii machoni, kwahiyo ukiona hakuangalii jiulize. Sawa, lakini mimi nimekulia pwani, mtoto akisemeshwa na mkubwa anainamisha macho, hiyo ndo adabu, akikukazia macho bibi atamuuliza kama ana wazimu. Basi mimi nyumbani nilikuwa mtoto mwenye heshima kuliko wote, nasifiwa. Halafu mtoto wa kike, mkimya, hana makundi, nani atashtuka? Nikifika shule mwalimu anasema "Niangalie ninapoongea na wewe!" Nikimwangalia, simsikii. Nawaambia kitu cha kweli kabisa: macho ya mtu kwangu yana kelele. Nikiangalia macho masikio yanafungwa, nikiangalia sakafu masikio yanafunguka. Kwahiyo kila mwalimu aliponilazimisha nimwangalie alikuwa ananizuia nisimsikie, na mimi sikuwa na lugha ya kumwambia.

Mmewahi kuona uvuvi wa dagaa usiku? Babu yangu alikuwa mvuvi. Wanaenda na karabai, usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa hamna kazi. Taa inawashwa juu ya maji na mnasubiri. Mnasubiri sana. Dagaa wanaanza kuja mmoja mmoja, wanazunguka chini ya mwanga, wanaongezeka mpaka maji yenyewe yanang'aa, na hapo ndo wavu unazungushwa. Sasa mtu akiizima ile taa ghafla katikati, dagaa wanatawanyika, na hata akiiwasha hapohapo hawarudi hapohapo, mnaanza upya kusubiri. Akili yangu inafanya kazi hivyo. Ina taa moja, kali, inakusanya kila kitu sehemu moja. Wenzangu naona wana taa nyingi ndogondogo kama za harusi, wanaweza kumsikiliza mwalimu huku wananong'ona huku wanajua nani anacheka nyuma. Watafiti watatu, Dinah Murray, Mike Lesser na Wenn Lawson (wakati ule akiitwa Wendy), waliliandika jambo hili mwaka 2005, kwamba mtu mwenye usonji umakini wake unamiminika kwenye mkondo mmoja kwa wakati. Niliposoma nililia, maana ni mara ya kwanza kuona mtu kaandika namna ninavyofikiri badala ya kuandika ninachokosea.

Sasa chukua hiyo taa moja uiweke darasani. Kipindi cha dakika arobaini. Dakika kumi za mwanzo bado dagaa wanakuja. Mwalimu anauliza swali la ghafla, "wewe hapo, nimesema nini?", taa inazimwa. Nasimama, maneno yapo, nayaona, ila hayatoki mdomoni. Wengine wanasema "kajifanya". Yakija kutoka ni dakika mbili baadaye, na wakati huo swali limeshahamia kwa mtu mwingine.

Na kulikuwa na kengele. Kengele ya shule yetu ilikuwa rimu ya gari imening'inizwa kwenye mwarobaini, inagongwa na kipande cha nondo, na huo mwarobaini ulikuwa nje ya dirisha letu, pembeni ya dawati langu. Wengine ile kengele iliwafurahisha, mapumziko, mihogo, mpira. Mimi ile sauti ilikuwa inashuka mpaka kwenye meno, mwili mzima unakuwa kama umemwagiwa maji ya barafu na maji ya moto kwa pamoja. Lakini sauti yenyewe ni sekunde chache, kibaya zaidi ni kuisubiri. Hesabu ilikuwa kabla ya mapumziko ya saa nne na nusu. Darasani hamna saa. Kwahiyo kuanzia pale jua linapogusa mguu wa meza ya mwalimu, hivyo ndo nilivyokuwa nakadiria, mimi nilikuwa nimeshaondoka kwenye hesabu, nipo kwenye rimu, nasubiri. Mikono inapanda masikioni yenyewe. Mwalimu anaona mtoto kaziba masikio yeye akifundisha. Mngefikiri nini mngekuwa nyinyi? Simlaumu sana kwa alichofikiri, namlaumu kwamba hakuniuliza, maana angeniuliza "mbona umeziba masikio?" na akasubiri jibu, ningemwambia, na kunihamishia dawati la upande wa pili isingegharimu hata shilingi mia.

Hesabu nilifeli mwaka ule. Hesabu! Mimi ambaye leo nakula kwa hesabu.

Naomba sasa tuongelee kidogo wasomi, maana nyinyi mtakutana na haya kwenye masomo ya saikolojia. Mwaka 1985 kule Uingereza Simon Baron-Cohen, Alan Leslie na Uta Frith walitumia wanasesere wawili, Sally na Anne. Sally anaweka gololi kwenye kikapu chake anatoka nje, huku nyuma Anne anaichukua anaihamishia kwenye boksi, Sally anarudi, mtoto anaulizwa Sally ataitafuta wapi gololi yake. Watoto wenye usonji walikuwa 20, na 16 kati yao walionyesha pale gololi ilipo kweli, siyo pale Sally anapodhani ipo. Kutokea hapo ikasambaa dunia nzima kwamba mtu mwenye usonji hawezi kujua kuwa mwenzake ana mawazo yake. Wale wanne waliojibu sawasawa wakasahaulika, na ikasahaulika pia kwamba swali kama lile linataka mtoto awe na lugha ya kutosha, na watu wengi wenye usonji wanalijibu vizuri tu. Mimi leo nalijibu. Wakati huohuo bado sijui nani kakasirika kwenye kikao cha ofisini mpaka aseme.

Mwaka 2012 mwanasosholojia mmoja, Damian Milton, ambaye yeye mwenyewe ana usonji, akaandika kitu rahisi ambacho sijui kwanini kilichelewa hivyo. Alisema hapa kuna watu wawili, kila mmoja anashindwa kumsoma mwenzake, kwanini ugonjwa uandikwe kwa mmoja tu? Mimi nilishindwa kujua kwamba "unanijibu?" ni onyo. Mwalimu alishindwa kujua kwamba "ndiyo mwalimu" ni utii. Tumeshindwa wote wawili, kasoro moja imeandikwa kwenye ripoti ya mmoja, na huyo mmoja ana miaka kumi.

Watu wakaanza kulipima hilo. Mwaka 2017 Noah Sasson na wenzake waliwaonyesha watu vipande vifupi vya video vya watu wazima wenye usonji na wasio na usonji, bila kuwaambia nani ni nani. Ndani ya sekunde chache wale wenye usonji wakapewa alama za chini, huyu simpendi, huyu sitaki kukaa naye. Lakini wengine walipopewa maneno yaleyale yameandikwa tu kwenye karatasi, bila sura, bila sauti, tofauti ikafutika! Mimi sikuhitaji kushawishiwa hapo, insha zangu zilikuwa zinasomwa mbele ya darasa na mwalimu yuleyule aliyekuwa hawezi kuvumilia nikifungua mdomo.

Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, wakafanya kitu kama ule mchezo wa watoto wa kupitishiana neno sikioni. Mistari ya watu wanane wanane, wa kwanza anapewa hadithi, anampa wa pili, mpaka wa mwisho. Mstari wa wenye usonji watupu ulihifadhi hadithi sawa na mstari wa wasio na usonji watupu, hadithi ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Baadaye waliurudia na watu wengi zaidi na hiyo tofauti ya mchanganyiko haikuonekana, ni haki niliseme hilo pia. Ila mara zote mbili sisi kwa sisi tuliongea na tukaelewana kama nyinyi kwa nyinyi. Huko nyuma tulishaambiwa kwamba sisi mawasiliano hatuna kabisa.

Sitaki mtoke hapa mkidhani kila mwalimu wangu alinikosea. Kidato cha pili alikuja mwalimu wa jiografia. Mimi nyuma ya daftari nilikuwa naandika namba wakati wa kipindi, kurasa na kurasa. Akanikuta. Nikajua imeshaharibika. Akachuchumaa pembeni ya dawati, hakusimama juu yangu, akachuchumaa, akaangalia zile namba na yeye, akauliza "Hizi ni nini?" Halafu akanyamaza. Hakurudia swali, hakusema "si naongea na wewe", alisubiri, nadhani ilikuwa nusu dakika nzima, na darasa zima linatuangalia. Nikasema, "Saa za maji, mwalimu."

Zilikuwa saa za maji kujaa na kupwa. Babu alinifundisha kwamba maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku na kila siku yanachelewa kama dakika hamsini hivi, kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanakwenda mbali na kurudi juu sana, na katikati hapo ni maji mafu. Nilikuwa naandika kila siku tangu darasa la sita, kwasababu ni kitu pekee kilichokuwa kinakuja pale kilipoahidi kuja. Yule mwalimu kesho yake kaniletea karatasi za grafu. Tukachora. Nikaona ile milima na mabonde inapanda na kushuka, bamvua milima mirefu, maji mafu milima mifupi, na nikajifunzia hapo wastani, uwiano, mchoro wa mawimbi, hesabu zote nilizozikosa kwa ajili ya rimu. Kila Jumatatu akiingia darasani aliniuliza "leo maji yanajaa saa ngapi?" na hiyo ikawa salamu yangu, maana salamu za kawaida za habari za nyumbani habari za mwili zilinishinda, lakini hiyo niliweza kuijibu hadi dakika.

Mtoto wa kwanza kabisa kuelezwa kwenye maandishi ya Leo Kanner, daktari wa Baltimore, Marekani, aliyeandika habari za watoto 11 wenye usonji mwaka 1943, alikuwa anaitwa Donald, wa mji mdogo wa Forest, Mississippi. Wazazi wake walimpeleka kuishi na familia ya wakulima. Kanner alipoenda kumtembelea mwaka 1945 akakuta hivi: Donald alikuwa na tabia ya kuhesabu mistari ya mahindi bila kuchoka, yule mkulima kampa plau na farasi, ahesabu mistari huku anailima. Alikuwa anapenda kupima vitu, wakamwachia achimbe kisima awaambie kina chake. Na shule ya pale kijijini ilimpokea alivyo, akasoma. Donald alikuja kuhitimu chuo, akafanya kazi benki, akaendesha gari lake, amefariki 2023 akiwa na miaka 89. Yule mkulima hakuwa na cheti cha elimu maalum. Aliona mtoto anahesabu, akajiuliza hiyo hesabu inaweza kukaa wapi.

Kuna jambo moja zito kidogo. Baada ya yale ya darasa la nne niliamua kujifunza kuwa mtu. Nilimchagua binamu yangu, nikawa namnakili, anavyocheka, anavyoshika kiuno, anavyosema "jamani" akivuta ile ja. Nilifanya mazoezi chooni. Mpaka sekondari nilikuwa naweza siku nzima, walimu wakasema amebadilika huyu, amechangamka. Nikifika nyumbani nalala sakafuni kwenye saruji nikiwa na sare, siwezi kula, siwezi kuongea, na mtu akiwasha redio napiga kelele. Mama akaenda shule kuuliza, akaambiwa "huku hana tatizo lolote, ni nyie mnamdekeza". Mzazi akija na maneno hayo siku moja mbele yako, tafadhali mwamini. Mtoto anayetulia kwako anaweza kuwa anakulipa wewe kwa fedha yote aliyonayo, nyumbani anafika mfukoni hana kitu.

Na mimi naongea. Wapo wasioongea kwa mdomo kabisa, siwezi kuwasemea, ila naweza kuwaambia nilichokiona. Jirani yetu anauza maandazi, ana mtoto wa kiume wa miaka tisa, akitaka maji anamvuta mama yake pembe ya kanga mpaka kwenye mtungi. Watu walisema hajui kitu. Sasa kuna dada mmoja mwalimu alikaa naye wiki mbili bila kumfundisha chochote, anamwangalia tu na kuandika, akagundua kwamba kila kabla ya kupiga mayowe anabonyeza sikio la kulia kwa kiganja, na mara nyingi ni pikipiki inapokaribia, yeye anaisikia mbele yetu sisi wote. Siku hizi akibonyeza sikio wanaingia chumba cha nyuma. Mayowe yamepungua sana. Mtoto alikuwa anaongea siku zote, kwa kiganja.

Najua hali zenu. Najua darasa la watoto tisini, najua mitaala, najua mkaguzi. Vitengo vya usonji vipo kwenye shule chache, kama pale Msimbazi Mseto Dar es Salaam, na Patandi kule Arusha wanafundisha walimu wa elimu maalum, Mungu awape nguvu. Lakini mtoto kama mimi hafiki huko, kwasababu hakuna aliyemwona. Huyo atakuja kwenu. Atakuwa dawati la tatu karibu na dirisha, anaangalia sakafu.

Mwishoni wale walimu tarajali walipewa nafasi ya maswali, kijana mmoja wa nyuma akasimama akaniuliza: dada, nikimkuta mtoto huyo Jumatatu asubuhi, na sijui chochote kuhusu yeye, nifanye nini kwanza? Nilichukua muda kujibu na wakanisubiri, nawashukuru kwa hilo. Nikamwambia, kabla ya kitu kingine chochote mwambie kengele italia baada ya dakika ngapi, kwa namba kamili, na ikibaki moja umwambie tena.